Kuvuta Maji Hadi Bustanini: Koki ya Nje, Vifaa na Gharama Zake

Kabla ya kwenda duka la vifaa, jua kwanza maji yatatoka wapi: bomba la mtaani moja kwa moja, au tanki lililo juu ya mnara. Hilo ndilo linaloamua ukubwa wa bomba. Kimo cha mita 10 kinatoa presha ya baa 1 tu, kwa hiyo tanki lililokaa mita 3 juu ya koki linatoa baa 0.3. Vuta maji hayo kwa bomba la nusu inchi (milimita 20 kwa nje), chomeka mpira wa mita 20 wa kumwagilia, uone yatakavyosuasua. Maji ya tanki yavutwe kwa robo tatu ya inchi (milimita 25 kwa nje) hadi chini ya koki, bomba lipunguzwe hapo mwishoni. Maji ya mtaani yenye nguvu yanatosha kwa nusu inchi.

Tawi la kwenda bustanini likatwe baada ya mita ya kupimia maji. Kukata kabla ya mita ni wizi wa maji, hata kama nia ni kumwagilia mchicha.

Kwa umbali wa mita 10 kwa bomba la PPR (plastiki ngumu inayounganishwa kwa joto) la nusu inchi, nunua bomba 3 za mita 4, tii 1 (kiungo cha njia tatu), elbo 3 (viungo vya kona), soketi 3 (viungo vya kuunga bomba kwa bomba), elbo 1 yenye uzi wa shaba (mistari ya kukazia) kwa ndani, ya kufungia koki, geti valvu 1 (ya kufunga na kufungua maji ya tawi), valvu ya kuzuia maji kurudi 1 pamoja na adapta 2 za uzi wa nje, tepi ya uzi, koki, saruji nusu mfuko, mchanga na kokoto kidogo. Kwa maduka ya Dar es Salaam vifaa hivi ni kama shilingi 100,000 hivi, na bomba zenyewe huchukua karibu theluthi. Fundi mwenye mashine ya kuchomea hudai 30,000 hadi 50,000, zaidi kama ndiye atakayechimba mtaro. Haya ni makisio, bei hupanda ukitoka mjini, lakini mwenye 160,000 mkononi hatakwama katikati ya kazi.

Usibane pesa kwenye koki. Iliyo nyepesi mkononi mara nyingi ni ya madini laini yaliyopakwa rangi ya kung'aa, na mpira ukivutwa kwa nguvu inakatikia kwenye uzi na kipande kinabaki ndani ya elbo. Chukua ya shaba, nzito, yenye mdomo wa kuchomekea mpira.

Wengi huiruka valvu ya kuzuia maji kurudi, na hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Mpira ukiachwa ndani ya ndoo ya dawa ya wadudu, kisha maji ya mtaani yakakatika kwa mgao, bomba linageuka kunyonya. Dawa inarudi kwenye bomba la nyumba, hadi koki ya jikoni. Weka valvu hiyo baada ya geti valvu, mshale wake ukielekea bustanini.

Mtaro uwe na kina cha sentimita 30 hadi 45. Panapopita gari, 60. Funga maji, fungua koki ya chini kabisa ya nyumba yaishe, ndipo ukate. Pale pa kutia tii chimbua karibu mita nzima ya bomba la zamani, maana lazima lipindike kidogo ili tii iingie. Kama bomba la zamani ni la poli (plastiki laini inayopindika), tumia tii ya kukaza kwa mkono na hapo mashine haihitajiki.

Mashine ya kuchomea PPR iwe na joto la nyuzi 260. Kwa nusu inchi, weka alama milimita 14 kutoka mwisho wa bomba, pasha bomba na kiungo kwa pamoja sekunde 5, unganisha ndani ya sekunde 4 bila kuzungusha, shikilia, kisha acha dakika 2. Ukipasha mno au ukisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka inafunga tundu kwa ndani na presha inapotea bila mtu kujua sababu. Tone la maji nalo ni adui: linageuka mvuke na kuacha vitundu kwenye kiungo. Maji yakikataa kukatika, sukumia ndani ya bomba donge la nyama ya mkate, yaani sehemu laini ya ndani. Linayazuia kwa dakika chache, kisha linalainika na kutoka lenyewe, mradi koki iwe bado haijawekwa mahali pake.

Bomba la kupanda juu lisiachwe wazi, kwani jua huichakaza PPR. Kata bomba la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 80, livishe juu ya bomba la kupanda, jaza zege, na nguzo imepatikana. Koki ikae sentimita 55 kutoka sakafuni ili ndoo ya lita 20 iingie bila kuinamishwa. Kisakafu cha sentimita 60 kwa 60 kiteremkie upande wa mimea; maji yakituama, mbu watazaliana.

Ruhusu maji kwanza yasafishe mchanga. Kisha funga tepi kwenye uzi wa koki mizunguko 10 hadi 15, kufuata upande inakokazwa. Kaza hadi mdomo utazame chini. Ukipitiliza usirudishe nyuma: tepi imeshakatika, itavuja. Fungua, safisha uzi, anza na tepi mpya.

Mtaro ukiwa bado wazi, fungua geti valvu, funga koki zote za nyumba na utazame mita. Kama maji ni ya tanki, funga pia yanayoingia, weka alama ya kimo chake, urudi baada ya saa moja. Kigurudumu kidogo cha mita kikizunguka, au kimo kikishuka, pangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu upate kinachotoa jasho. Fukia kwa mchanga usio na mawe kwanza, udongo baadaye, na kabla ya koleo la kwanza piga picha ya mtaro ukiwa umelaza futi kando yake. Atakayekuja kupanda mwembe ataihitaji.