Somo: Kusafisha Nyumba kwa Dawa Kali Bila Kumdhuru Ndege wa Tunduni

Somo hili linamhusu kila anayefuga kasuku, chiriku au ndege mwingine wa tunduni katika nyumba ambamo sakafu hupigwa deki kwa jiki, choo husuguliwa kwa tindikali na sebule hupuliziwa dawa ya mbu inapofika jioni. Harufu inayomfanya mwenye nyumba apige chafya mara moja na kuendelea na kazi yaweza kumuua ndege aliye karibu kabla sakafu haijakauka.

Sababu ni namna ndege anavyovuta pumzi. Sisi huvuta na kutoa hewa kwa njia ile ile, na kila mara hubaki ndani hewa iliyokwisha kutumika. Ndege ana vifuko vya hewa, ambavyo kwa ndege wengi ni 9, vinavyoisukuma hewa kupita mapafuni kwa mwelekeo mmoja, hivi kwamba damu yake hupata hewa mpya anapovuta pumzi na hata anapoitoa. Maumbile hayo humpa nguvu ya kuruka, lakini mvuke wa sumu nao hupita humo humo bila kizuizi. Tena mwili wenyewe ni mdogo: kasuku wa Fischer, yule wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa ambaye asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, kwa kawaida hafikishi gramu 60.

Hatua ya kwanza: mhamishe ndege kabla hujafungua chupa

Wengi huanza kazi, kisha humkumbuka ndege harufu ikiwa imekwisha kuenea. Mpeleke mapema katika chumba chenye mlango unaofungika, upande unakotoka upepo, au barazani penye kivuli. Akiwa nje, asiachwe peke yake, maana paka na kunguru hawangoji. Kufunika tundu kwa khanga hakusaidii kitu, kwa kuwa kitambaa huzuia mwanga lakini hakizuii mvuke, na ukiisha kuingia hukaa humo muda mrefu zaidi. Kumshusha sakafuni ni vibaya zaidi, kwani gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Hatua ya pili: ijue dawa uliyonayo

Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali, au hata na siki, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na dawa yenye amonia hutoa kloramini. Gesi zote mbili huunguza njia ya hewa ya binadamu, sembuse ya ndege. Hatari hii huongezeka kwetu kwa sababu dawa nyingi huuzwa kwa kupimwa, zikatiwa katika chupa za maji ya kunywa zisizo na maandishi yoyote, na muuzaji mwenyewe huenda asijue kilichochanganywa ndani. Maoni yangu ni kwamba dawa ya namna hiyo isiingie kabisa katika nyumba yenye ndege. Kwa sakafu ya kila siku, sabuni na maji vinatosha. Inapobidi kutumia dawa yenye nguvu zaidi, itie kwenye tambara badala ya kuipulizia hewani, kwa kuwa matone madogo ya kupulizia huelea na kufika vyumba ambavyo hukukusudia kuvisafisha.

Hatua ya tatu: tundu lenyewe

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Sinia la chini ya tundu lililojaa kinyesi cha siku nyingi hutoa amonia, na mtu akilimwagia jiki papo hapo huwa anatengeneza kloramini mahali ndege anapolala. Zaidi ya hayo, jiki hupoteza nguvu inapokutana na uchafu, kwa hiyo vijidudu vilivyokusudiwa huenda visife. Kwangua kinyesi kwanza, kisha sugua sinia na nyaya kwa maji ya moto na sabuni, ukitumia mswaki wa zamani kwenye maungio ambamo mabaki ya matunda huganda. Mara nyingi kazi huishia hapo. Ikiwa ndege ameugua na lazima kuua vijidudu, peleka tundu tupu nje, tumia sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 30 hivi za maji, iache kwa dakika 10, suuza kwa maji mengi hadi harufu iishe, kisha lianike juani mpaka likauke kabisa. Vijiti vya kutulia hunyonya dawa. Ni heri kuvitupa na kukata vipya kutoka kwenye mpera usiopuliziwa dawa.

Hatua ya nne: kumrudisha

Fungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite, na usubiri sakafu ikauke. Usiiamini pua iliyoshinda humo ndani, kwani imekwisha kuzoea. Toka nje kwa muda, kisha uingie tena. Ukisikia harufu hata kidogo, ndege abaki alipo.

Dalili za hatari ni mkia unaopanda na kushuka kwa kila pumzi, mdomo uliobaki wazi, sauti iliyobadilika, manyoya yaliyotutumka, au ndege kushuka kijitini na kukaa chini. Ukiona mojawapo, mtoe mara moja kwenye hewa safi, muweke mahali penye joto na utulivu, usimshikeshike, na umpigie daktari wa mifugo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Tanga: Mwalimu, shikamoo. Kwetu kila Alhamisi jioni, tukishamaliza usafi, nyumba hufukizwa udi. Je, udi nao umo katika haya?

Jibu: Marahaba. Umo. Moshi ni moshi hata ukinukia, na mkaa ulio chini ya udi hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu. Sikuambii uache desturi ya nyumbani. Chetezo kipitishwe vyumbani ndege akiwa nje, kisha madirisha yaachwe wazi mpaka moshi uondoke.

Mwanachama, Nairobi: Naishi katika chumba kimoja cha ghorofani, jikoni humo humo. Sina pa kumhamishia.

Jibu: Basi ndani ya chumba hicho tumia sabuni na maji pekee. Siku ya kusafisha choo kwa dawa, muombe jirani amweke ndege hadi jioni. Angalia pia siku ambayo korido ya jengo husafishwa, maana harufu hupenya chini ya mlango. Tambara lililoloweshwa maji hupunguza kiasi, lakini halitoshi peke yake.

Mwanachama, Dar es Salaam: Kasuku wangu alivuta harufu ya jiki jana, akahema sana, lakini leo anakula vizuri. Nitulie?

Jibu: Usitulie bado. Maji huweza kujaa mapafuni saa kadhaa baada ya kuvuta klorini. Mpeleke kwa daktari leo hii, na wakati huo asipuliziwe chochote karibu naye.

Mwanachama, Mombasa: Mama yangu husema ndege aliyevuta sumu apewe maziwa. Ni kweli?

Jibu: Mheshimu mama, lakini usimpe. Maziwa huenda tumboni, ilhali madhara yako mapafuni. Tena mlango wa koo la hewa la ndege uko nyuma tu ya ulimi, na ndege anayehema akitiliwa maziwa mdomoni huyavuta moja kwa moja kwenye njia ya hewa.