Moto Ukiwaka Kwenu Zanzibar na Wewe Uko Ughaibuni

Kwetu Wete, Pemba, ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, kwangu Columbus, Marekani, saa nne za usiku. Mtoto wa dada yangu kanipigia anahema: mpira wa gesi umeshika moto jikoni kwa bimkubwa. Nikamuuliza, zimamoto mmewapigia? "Bado, mjomba. Tumeona tukwambie wewe kwanza."

Mjomba wa Columbus atazima na nini? Aliyeokoa ni jirani. Kaingia na gunia bichi la maji, kaufunika moto, kafunga koki ya mtungi.

Ndiyo mazoea yetu, anayetuma pesa ndiye anayepigiwa mwanzo kwa kila jambo. Basi wakatazeni mapema, na nambari 114 iandikwe ukutani pale jikoni, kwa wino mkubwa. Wewe uliyeko nje nambari hiyo fupi haikufai, simu ya ng'ambo haiipati. Ukija likizo pita kituo cha zimamoto kilicho karibu na kwenu, omba nambari yao ya kawaida, uihifadhi.

Usichanganye vikosi. Huku Marekani zimamoto ni ya mji au kaunti, na mara nyingi hao hao ndio wanaomkimbilia mgonjwa wa moyo. Kwetu kuna Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kilicho chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni la Bara. Na hilo neno uokozi si pambo: Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, watu walifukiwa na kifusi, moto haukuwepo.

Linalotuchelewesha zaidi ni kuelekeza. Mitaa yetu mingi nyumba hazina nambari, na mtu aliyeingiwa na kiwewe husema tu "njooni kwa Bi Fulani". Wafanyisheni mazoezi watu wa nyumbani: kutoka barabara ya lami, msikiti gani, skuli ipi, unakata mkono upi. Kijana mmoja atoke na tochi akaisubiri gari barabarani.

Kama kwenu ni Mji Mkongwe, elewa kwamba vichochoro vingi gari haipiti, mipira ya maji itaburutwa kwa mikono. Kuta ni za mawe, lakini boriti za dari, ngazi na milango ni miti mikavu ya miaka mingi. Hapo mtungi wa kuzimia moto ndani ya nyumba ni lazima, na bimkubwa aoneshwe pini inavyochomolewa.

Wanaojenga Fuoni au Chake wana kosa jengine. Tunapenda geti lenye tao na ukuta mrefu, kisha jirani naye anasogeza ukuta wake. Kipimo changu ni lori la mchanga: likishindwa kuingia, gari ya zimamoto nayo itabaki nje. Madirishani tunatia nondo kila chumba kwa hofu ya wezi. Waambie mafundi angalau dirisha moja kila chumba cha kulala lifunguke kutoka ndani bila ya ufunguo.

Halafu kuna haya makontena yetu. Pasi na friza za Marekani ni za volti 120, umeme wa Zanzibar ni 230. Ukizituma bila ya transfoma, unatuma moto kwa meli. Nami nimewahi kutuma, sijisafishi.

Kilicho bora kutia kwenye boksi ni king'ora cha moshi cha betri. Usikifunge jikoni kwenye kuni na makaa, kitalia kila wakipika na siku ya pili kitang'olewa. Kiwe ukumbini, karibu na milango ya vyumba vya kulala. Na uwaambie kabisa: kikianza kulia kidogo kidogo, tii, kimya, tii, betri inakwisha. Kwa bimkubwa walidhani ni mdudu darini, wakamtafuta siku tatu.