Jinsi ya kuomba taarifa na vipimo vya maji ya jirani na dampo, Mtwara na Lindi

Kama unaishi karibu na dampo na unateka maji ya kisima, kuna maombi mawili ya kupeleka. Wengi hukimbilia kupimiwa maji, wakaacha ombi ambalo lilipaswa kutangulia: kupata taarifa za ufuatiliaji ambazo mwenye dampo anatakiwa kuwa nazo tayari. Anza na hizo. Ndizo zitakazokuonyesha cha kupima, usije ukalipia vipimo visivyokusaidia.

Dampo la kisasa huwekewa visima vya uangalizi: angalau kimoja upande yanakotokea maji ya ardhini, na viwili au zaidi upande yanakoelekea. Visima vya chini vikibadilika na cha juu kikabaki vilevile, kuna sababu ya kushuku yale maji meusi yanayochuja kutoka kwenye taka. Kijito kilicho jirani nacho huchukuliwa sampuli juu na chini ya dampo. Ratiba ya kazi hii hukaa kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira, unaoandaliwa pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Barua ya kwanza, kama uko Mtwara mjini, iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, nakala kwa NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) Kanda ya Kusini na Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Aliye Lindi mjini anaandika kwa mkurugenzi wa manispaa yake. Bodi ya bonde ni hiyohiyo. Ni vizuri ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na igongwe muhuri wake, maana inaonyesha kwamba wewe ni mkazi kweli. Usiulize "je, maji ni salama?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja, nawe ukarudi mikono mitupu. Taja nyaraka, kama kwenye mfano huu wa dampo la Mangamba, Mtwara:

YAH: OMBI LA TAARIFA ZA UBORA WA MAJI, DAMPO LA MANGAMBA

Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa mtaa wa ……. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya ramani ya visima vya uangalizi, matokeo ya vipimo vya kila kisima kwa miaka miwili iliyopita yakiwa na tarehe za kuchukua sampuli, na sehemu ya mpango wa usimamizi wa mazingira inayohusu maji.

Weka saini, simu na anwani, ambatisha nakala ya kitambulisho. Peleka nakala mbili masjala. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbele ya macho yako, urudi nayo nyumbani. Sheria inaipa ofisi siku 30 kukujibu, na bila muhuri ule huna pa kuanzia kuzihesabu. Ukinyimwa, unaweza kumwomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi.

Ombi la pili linakwenda Maabara ya Ubora wa Maji ya Wizara ya Maji, Mtwara. Hapa barua fupi inatosha: kisima kiko wapi, kina kina gani, kiko umbali gani na dampo, na kipo umbali gani na choo. Usiache choo. Omba orodha ya vipimo na bei kabla ya kukubali chochote, kisha ulipe kwa kontroli namba na utunze risiti.

Omba mtaalamu aje achukue sampuli mwenyewe. Ikishindikana, chukua chupa za maabara, usitumie za soda. Chupa ya kupimia vijidudu haisuuzwi, na usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko; iwekwe kwenye kasha lenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isizidi 24. Chupa ya metali mara nyingi huwa imetiwa asidi, nayo haisuuzwi. Kisima cha pampu kipigwe kwanza mpaka yale maji yaliyolala kwenye bomba yaishe. Andika tarehe na saa papo hapo.

Sasa, vipimo vyenyewe. Huku pwani, chumvi peke yake haithibitishi lolote, kwa sababu bahari nayo huingia kwenye visima vyetu. Nitrati na E. coli (bakteria wa kinyesi) nazo zinaweza kutoka chooni. Kwa hiyo omba kloraidi na upitishaji umeme, ambavyo huonyesha chumvi, lakini viende pamoja na amonia, potasiamu, chuma, manganizi, COD (kipimo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji), risasi na kadimiamu. Kloraidi ikipanda pamoja na amonia, potasiamu na COD, wakati kisima cha upande wa juu kimetulia, hapo una hoja ya kumpelekea afisa mazingira. Na pima mara mbili: mwishoni mwa masika, mwezi wa nne au wa tano, na mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijarudi. Jirani mwenye kisima upande wa juu mshirikishe. Mkichanga gharama, mnapata na cha kulinganisha.

Kwa maji ya kunywa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita, na risasi isizidi 0.01. Matokeo yakizidi hapo, andika barua nyingine kwa mkurugenzi na NEMC, ambatisha cheti cha maabara kama kilivyo bila kuongeza neno, na igongwe muhuri masjala kama ile ya kwanza. Wakati unasubiri, kisima kibaki cha kufulia na kudekia. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati wala risasi, na maji yakipungua kwenye sufuria kiwango chake ndiyo kinapanda. Kwa hiyo maji ya kunywa, na hasa ya kukorogea maziwa ya mtoto mchanga, yachotwe kwenye bomba la mamlaka ya maji.