Vipimo vya Mzinga na Utulivu wa Nyuki

Mrina asali wa Tabora anayetumia mzinga wa gogo anaijua shida yake: masega yameshikana na ukuta, hivyo ni lazima ayakate, na mkono ukiteleza hukata na majana pia, yaani watoto wa nyuki. Kundi lililoharibiwa majana mara nyingi huhama. Gogo lenyewe si baya, kwani unene wake hutunza joto, nao nyuki wanahitaji nyuzi 34 hadi 35 mahali wanapolelea watoto. Kinachokosekana ni njia ya kutoa sega moja bila kugusa jingine. Mzinga wa viunzi, ulioendelezwa Kenya miaka ya 1970, huipatia dawa shida hiyo, mradi vipimo vyake vifuatwe.

Kipimo kisichotaka makadirio ni upana wa kiunzi, yaani ule ubao mwembamba unaopangwa juu ili nyuki waning'inize sega chini yake. Kila kimoja kiwe na milimita 32, kwa kuwa hiyo ndiyo nafasi ambayo nyuki wetu huacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya linalofuata. Nyuki wa Ulaya, ambao ni wakubwa kidogo, hutumia takribani milimita 35. Fundi mmoja aliwahi kunikatia viunzi vya milimita 38, nami nikavipokea bila kuvipima. Nyuki walijenga kimshazari, sega moja likapita chini ya viunzi vitatu. Nilipoinua kimoja, masega yalipasuka, asali ikamwagikia majana, na kabla ya wiki kwisha mzinga ulikuwa mtupu. Tangu siku hiyo napima kila kiunzi kwa rula kabla ya kulipa.

Ukitaka viunzi 28, urefu wa ndani uwe milimita 896, ukiongeza nafasi ndogo ya kuvichomoa. Chini ya kila kiunzi, katikati kabisa, chimba mfereji mwembamba na uujaze nta iliyoyeyushwa: nyuki huanzia hapo kujenga, na harufu yake huvuta bumba linalotafuta makao. Kuta za ubavuni zilale, mzinga uwe mpana juu na mwembamba chini, kwani nyuki hawaelekei sana kugandisha sega kwenye ukuta wa namna hiyo. Tumia mbao zilizokauka, zenye unene wa sentimita 2 au zaidi. Mbao mbichi hupinda na kufungua nyufa zinazopitisha siafu na nondo wa nta.

Matundu ya kuingilia yawe madogo, tena upande mmoja tu. Nyuki hulea majana karibu na mlango na kuhifadhi asali mbali nao, kwa hiyo mpangilio huo hukurahisishia kazi ya kurina. Funika mzinga kwa bati, juu yake weka nyasi, kisha uning'inize kwa waya kivulini, usawa wa kiuno, mahali ambapo nyegere hawezi kuufikia. Paka grisi kwenye waya kuzuia siafu.

Siku ya kurina, anza jioni kwa moshi kiasi, ukitokea upande usio na mlango. Toa masega ambayo sehemu kubwa ya vyumba vyake imefunikwa nta, uache matatu au manne ya asali kwa ajili yao. Ukiona majana kwenye sega, lirudishe taratibu na ubananishe viunzi vyote.