Kusoma chapa za singe ya Kijerumani kabla hujatoa pesa

Juzi jamaa kanitumia picha za singe, kile kisu cha kufungwa mbele ya bunduki, aliyoiona kwenye soko la vitu vikuukuu huko Ujerumani, anauliza kama ainunue. Picha zote za ubapa unaong'aa, hata moja ya mgongo haimo. Sasa fuata hivi.

1. Pima ubapa, bila mpini. Ukiwa karibu sm 37 na unapanuka kuelekea nchani, ni singe ya aina iitwayo S98/05. Karibu sm 25 huenda ni aina ya S84/98.

2. Ukisafisha, msasa uweke mbali. Mafuta mepesi ya mashine, kitambaa, subira. Muuzaji akijisifu kwamba kaisugua kwa brashi ya waya, mimi naondoka.

3. Soma mgongo, karibu na mpini. Hapa ndipo watu wanapopotea. Zima taa, laza tochi ya simu ubavuni mwa chuma ili mwanga upite kwa mshazari. Chapa iliyofifia itajitokeza. Utaona taji, herufi, na tarakimu mbili: 15 maana yake 1915, mwaka singe ilipokaguliwa na kupokelewa. Herufi ni ya mfalme, maana Ujerumani ya enzi hiyo ilikuwa na falme kadhaa ndani yake. FA ni Friedrich August wa Saxony. L ni Bavaria. W ni Wilhelm, lakini yupi? Prussia ilikuwa na Wilhelm II, na Württemberg nayo ilikuwa na Wilhelm II wake, enzi ileile! Usikimbilie kusema Prussia kwa sababu muuzaji kasema. Geuza singe uangalie kikingio cha mkono, kile chuma kilichopita kati ya mpini na ubapa. Ukikuta 124.R.6.57, ni kikosi cha 124 cha askari wa miguu, kombania ya 6, silaha namba 57. Vikosi vya 119 hadi 127 vilikuwa vya Württemberg, kwa hiyo umepata jibu. R mbili ni kikosi cha akiba. Chapa iliyokatwa kwa mstari na nyingine kupigwa pembeni si kasoro: singe ilihamishwa kikosi. Kikingio kitupu nacho si ushahidi wa ubandia, maana nyingi za wakati wa vita hazikupigwa chochote.

Na ukiambiwa S98/05 ni "ya askari wa Afrika Mashariki", dai chapa. Wengi wa askari wa koloni hilo la Kijerumani waliingia vita ya 1914 na Mauser M71, bunduki ambayo singe hii haikai.

4. Jina la kiwanda liko shinani mwa ubapa. Napenda sana za Fichtel & Sachs, watu wa vifaa vya baiskeli. Kwenye S84/98 za Vita ya Pili jina lilifichwa kwa herufi tatu: cof ni Carl Eickhorn, cvl ni WKC, viwanda vyote viwili vya mji wa Solingen, Ujerumani. Linganisha namba ya ubapa na ya ala. Zikitofautiana, shusha bei.

5. Kuhifadhi. Ala ya ngozi itunze kando. Ngozi hushika unyevu, na kutu huanza ndani usikokuona.