Kubana damu ya ini wakati wa kukata uvimbe wa saratani
Mbinu hii ilielezwa na James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Pitisha tepu laini kuzunguka kano iliyobeba vena ya lango (iletayo damu ya utumbo kwenye ini), ateri ya ini na mfereji wa nyongo, kisha kaza mpaka mapigo ya ateri yapotee upande wa ini. Upande wa kushoto wa ini ukiendelea kuvuja damu nyekundu, tafuta ateri ya ziada itokayo kwenye ateri ya kushoto ya tumbo la chakula, nayo uibane.

Bana dakika 15, achia 5, rudia. Kubana mfululizo kwa muda mrefu ndiko kwenye wasiwasi: ini likikosa oksijeni halafu damu ikarudi ghafla, kuta za mishipa midogo huumia na kutoa molekuli zinazonasa seli za saratani zinazopita. Katika panya wa maabara, vijiuvimbe vilivyosalia hukua haraka zaidi, hasa kandokando ya tishu iliyokufa.

Kwa wagonjwa, kubana kwa vipindi hakujathibitika kuharakisha saratani kurudi, na kupoteza damu nyingi nako kuna madhara yake. Basi usiogope mno kubana. Mwombe mtaalamu wa usingizi ashushe shinikizo la vena kuu (irudishayo damu moyoni) chini ya milimita 5 za zebaki. Hapo vena za ini zitavuja damu kidogo tu, na dakika za kubana zitapungua.