Kabla ya kuruka na miwani ya kuonea usiku

Mtu akivaa miwani ya kuonea usiku kwa mara ya kwanza, aghalabu hunyamaza kidogo. Kilima ambacho muda mfupi uliopita kilikuwa giza tupu sasa kina mikunjo, vichaka na kijia kinachopanda ubavuni. Nyota zimejaa mpaka hujui pa kuanzia kuzihesabu. Matatizo ya rubani huanzia hapo hapo, kwa sababu picha ile ni nzuri kiasi cha kumsahaulisha kwamba ni picha.

Na ni picha kwa maana halisi. Mbele ya kila jicho kuna lenzi inayokusanya mwanga mdogo uliopo na kuuelekeza kwenye utando uliotengenezwa kwa galiamu na aseniki. Mwanga ukigonga utando huo, elektroni zinachomoka. Zinapita kwenye kisahani chembamba chenye mamilioni ya vijitundu. Kila elektroni ikigonga ukuta wa kijitundu inachomoa nyingine, na hizo zinachomoa nyingine tena, hadi zinatoka upande wa pili zikiwa maelfu. Mwisho zinagonga kioo kilichopakwa fosfori, unga unaotoa nuru ukigongwa na elektroni, nacho kinang'aa kijani au, kwa miwani ya siku hizi, weupe wenye ubuluu. Hicho kioo kidogo ndicho unachokitazama. Rangi zote za nje zimeachwa njiani.

Miwani haiwashi mwanga wowote, inakuza ule uliopo. Ndiyo maana maandalizi huanzia kwenye kalenda ya mwezi kabla ya kugusa kifaa chenyewe. Tafuta saa mwezi utakapochomoza na kuzama, sehemu yake itakayokuwa imeangazwa, na (hili husahaulika sana) utakuwa nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho wakati unafika unakokwenda. Mwezi mpevu ulio utosini hutoa takriban luksi 0.2 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), anga lenye nyota tupu, takriban 0.001. Kikosi cha wanamaji cha Marine cha Marekani huchukua luksi 0.0022 kuwa mpaka kati ya usiku wenye mwanga na usiku hafifu, na rubani hufuzu kwa kila aina ya usiku peke yake. Mwezi ulio chini ya nyuzi 30 si wa kuutegemea. Ukiwa nyuma ya mlima unaacha bonde zima kivulini, na ukiwa mbele yako unafanya kama jua la magharibi kwenye kioo cha gari: kila kilicho upande wake kinamezwa.

Mwanga ukipungua, picha huanza chenga, kama televisheni isiyoshika mawimbi. Usizichukie chenga hizo, zina habari. Zikizidi ghafla ilhali mwezi bado uko juu, kuna kitu kimeingia kati yako na mwanga, na mara nyingi kitu hicho ni wingu.

Kwangu mimi hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Miwani hupenya unyevu mwembamba ambao macho matupu yangeukataa mapema. Rubani anaendelea kuiona ardhi, anaendelea tu, unyevu unanenepa kidogo kidogo, na mwishowe yumo ndani ya wingu bila kukumbuka aliingia lini. Dalili hutangulia: miduara ya nuru kuzunguka taa za chini inapanuka, nyota zinapungua, vivuli vya mbalamwezi vinafutika ardhini, chenga zinaongezeka. Kabla ya kuwasha injini, kubalianeni ni dalili ngapi zinatosha kugeuka na nani ana ruhusa ya kulitamka hilo. Maoni yangu ni kwamba moja inatosha, na mtu yeyote aliyemo ndani alitamke, hata anayekaa nyuma kabisa. Jipime pia uwezo wa kuruka kwa vipimo vya dashibodi pekee, bila kuona nje. Rubani ambaye mkono wake umekuwa mzito kwenye vipimo hana haki ya kuiamini miwani, maana siku picha itakapopotea ndivyo vitakavyobaki.

Vizuizi navyo vinataka kazi ya mezani. Nyaya za umeme hazionekani. Zinazoonekana, ukibahatika, ni nguzo zake na njia iliyofyekwa msituni kuzipitisha. Zichore kwenye ramani kukiwa bado na mwanga wa kusomea. Minara ina mtego wa aina yake. Miwani ya marubani huwekewa kichujio kinachozuia mwanga ambao urefu wa wimbi lake uko chini ya nanomita 625 au 665, kutegemea daraja lake, ili taa za chumba cha rubani zisiisumbue. Kutoka hapo inaona hadi karibu 900, yaani hadi ndani ya infraredi, mwanga ambao macho matupu hayauoni. Balbu ya zamani ya kuonya juu ya mnara ilitoa infraredi kwa wingi, hivyo iliwaka kama moto ndani ya miwani. Taa nyekundu ya LED hutoa mwanga wake katika ukanda mwembamba ambao kichujio kinaweza kuukata wote. Basi mnara unaoonekana wazi kwa mtu aliyesimama barabarani unaweza kutoweka kabisa kwa rubani mwenye kifaa cha thamani kubwa usoni. Dawa yake ni kuchungulia chini ya miwani kila mara, kwa macho matupu. Nafasi ile ya kuchungulia haikuja bure: miwani ya AN/PVS-5, iliyoanza kutumiwa na marubani wa Marekani miaka ya 1970, ilifunika uso mzima, mpaka ikabidi sehemu yake ya chini ikatwe ili rubani aone vipimo vyake.

Kurekebisha miwani kuna mpangilio, na ukiuvuruga unarudi mwanzo. Vaa helmeti kwanza na uikaze, kwani helmeti inayoteleza hata kidogo hulitoa jicho katikati ya lenzi. Teremsha miwani, isogeze mpaka ikae sawa, kisha linganisha umbali kati ya mirija yake miwili na umbali kati ya macho yako hadi upate duara lenye ukingo mzima. Fumba jicho moja. Zungusha lenzi ya mbele ukitazama ndani ya kisanduku cha kupimia, chenye mistari iliyochorwa ndani. Kama hakipo, tafuta nyota na uifanye iwe nukta ndogo iwezekanavyo. Sasa lenzi ya nyuma, iliyo karibu na jicho. Ianzishe upande wenye alama ya jumlisha (+), picha ikiwa na ukungu, uirudishe polepole, na pale tu inapokaa sawa, acha. Wengi huendelea kuzungusha kwa sababu picha bado iko wazi. Iko wazi kwa kuwa misuli ya jicho imeshika kazi ya lenzi, na baada ya saa moja hewani misuli hiyo itachoka, kichwa kitauma, na picha itafifia bila kifaa kuwa na ubovu wowote.

Ukishamaliza, ikague picha yenyewe. Vidoa vyeusi vichache vilivyotulia vinavumilika, hata mchoro hafifu wa sega la nyuki kwenye mwanga mkali. Miwani yenye picha inayozimika na kuwaka usiruke nayo. Wala ukingo unaong'aa pasipo taa karibu. Wala kivuli kinachokula upande mmoja wa duara kama mwezi mchanga. Mara nyingi hicho humaanisha mrija umeanza kuvuja na uko njiani kufa.

Uzito ni jambo fupi. Miwani hufika takriban gramu 600, zote zikining'inia mbele ya paji la uso, kwa hiyo betri na kipande cha uzani hufungwa kisogoni kusawazisha. Shingo itajua tu.

Kuhusu uwanda wa kuona, macho ya binadamu hukusanya karibu nyuzi 200 kutoka upande hadi upande. Miwani ya kawaida hukupa nyuzi 40. Ni sawa na kuishi kwa kuchungulia kwenye bomba. Mwendo wa pembeni, ule unaokuambia kwamba ndege inateleza au inashuka, haufiki tena, na kukadiria umbali kunakuwa kubahatisha. Kichwa hakina budi kuzunguka muda wote. Gawaneni anga kabla: nani anashika kushoto, nani kulia, nani anasoma mwinuko kwa sauti wakati wa kutua. Mahali pa vumbi ongezeni mtu wa kutazama ardhi moja kwa moja chini ya mlango, kwa kuwa vumbi likiinuka miwani haioni zaidi yako.

Halafu kagua mwanga wa ndani. Taa za dashibodi ziwe za aina inayokubaliana na miwani, lakini usisahau abiria. Simu moja ikiwashwa kiti cha nyuma inatosha. Kioo cha mbele kinarudisha mng'ao wake, miwani inapunguza ukuzaji wake yenyewe ili isizidiwe, na nje kunakuwa cheusi wakati ule ule rubani anapotafuta mahali pa kutua. Wanaopokea ndege chini nao waelezwe mapema wasimulikie rubani tochi wala taa za gari wakidhani wanamsaidia.

Mwili nao: usingizi, chakula, maji. Sigara ya kabla ya safari inapunguza oksijeni ambayo jicho la usiku linaitegemea kuliko kiungo kingine. Mwambie pia rubani mgeni kwamba akivua miwani ya kijani, vitu vitakuwa na uwaridi au ukahawia kwa dakika chache, asije akadhani ameumia.

Imebaki betri. Weka mpya pande zote mbili, hata kama za jana bado zina nguvu. Kisha, ndege ikiwa bado imelala na injini imezimwa, fanyeni zoezi moja. Rubani afumbe macho. Mwenzake atamke kwamba miwani imekufa. Rubani aseme kwa sauti anampa nani usukani, apeleke mkono kisogoni, akitafute kitufe cha betri ya pili kwa kidole, akibonyeze. Hesabuni sekunde. Zikizidi tatu, rudieni.